Simu ya binti yangu imefungiwa kabatini shuleni

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Ninaishi Igombe, upande wa Ilemela, Mwanza, na kazi yangu ni kununua dagaa wabichi kwa wavuvi, kuwaanika na kuwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Mtoto wangu wa pili ni binti wa miaka 15, yuko Kidato cha Pili katika shule ya kutwa ya kata, na ana ualbino. Tangu utotoni macho yake hucheza na hawezi kuyatuliza, mwanga mkali humuumiza, na ana miwani ambayo humsaidia kidogo tu. Shule ya msingi hakupata shida kubwa, kwa sababu mwalimu wake wa darasa alikuwa akimketisha mbele na kusoma kwa sauti kila alichoandika. Sekondari mambo ni mengine. Walimu ni wengi, kila mmoja huingia na kutoka, masomo ni ya Kiingereza, na mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo siwezi kumsaidia.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko chuo Dodoma, alimpa mpwa wake simu yake ya zamani. Alimwekea programu ya kukuza maandishi, nyingine inayosoma kwa sauti, nyingine ya Hisabati ambayo ukiipigia picha swali hukupa jibu pamoja na hatua zake, na nyingine ya kuiuliza akili mnemba jambo lolote ikakujibu. Binti akawa anaipeleka shuleni kwa siri. Nakiri kwamba nilijua. Alikuwa akipiga picha ubao mwalimu anapotoka, kisha usiku anazikuza na kunakili. Alama zake za Biolojia zikapanda kutoka 28 hadi 57, na Historia akapata 61. Katika Hisabati hali ni ya ajabu: kazi za nyumbani hupata zote, lakini jaribio la katikati ya muhula alipata 14 kati ya 100.

Mwezi uliopita mwalimu wa nidhamu alimkuta nayo. Simu ikafungiwa katika kabati la ofisi ya makamu mkuu wa shule, nami nikaambiwa nitaichukua shule ikifungwa Desemba. Nilipojaribu kueleza kwamba mtoto haoni ubao, nilijibiwa kwamba sheria ni moja kwa wote. Tangu hapo binti amerudi kunakili kutoka kwa wenzake, tena kwa kubembeleza.

Nyumbani nako hapakaliki. Baba yangu, ambaye tunaishi naye, anasema ni heri imechukuliwa, kwa sababu mtoto huishika karibu na pua na mwanga wake utamalizia macho machache aliyobakiwa nayo. Wakati huohuo kuna kijana anayepita huku mwaloni, ufukweni kwetu, akiuza tableti aliyoniambia ina programu 300 za kusomea na mitihani yote ya nyuma. Bei ni shilingi 450,000: nitangulize 150,000, kisha nilipe 50,000 kila mwezi kwa miezi sita. Nimevutika, ila biashara yetu unaijua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na siku hizo hatushiki kitu.

Jambo la mwisho, Mwalimu, wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa na unajua kwa nini mzazi wa mtoto kama wangu hukaa akisikiliza hatua za njiani jioni. Simu ile ilikuwa ikinituliza. Nikipiga nikasikia sauti yake, ninaendelea na kazi.

Je, niende nikadai simu, nimnunulie tableti, au nimsikilize baba yangu? Wabeja sana.

Mama wa Igombe

JIBU

Marahaba, mama.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonisimamisha si kabati la makamu mkuu wa shule bali ni zile alama za Hisabati. Mtoto anayepata zote nyumbani na 14 darasani hajashindwa kuona. Ipo kazi ambayo simu imekuwa ikimfanyia, na darasani simu haipo. Mdogo wako alifanya jambo la upendo, lakini katika simu moja alitia vitu viwili vya aina mbalimbali na kuviita vyote programu za kusomea. Programu ya kukuza na ile ya kusoma kwa sauti zinamfikisha binti yako mahali ambapo wenzake wamekwishafika kwa macho yao: mbele ya swali. Programu ya kupiga picha swali la Hisabati, na ile akili mnemba inayoandika majibu, zinaanzia hapo na kumalizia kazi yote, kisha mtoto ananakili. Alama za Biolojia na Historia zilipanda kwa sababu aliweza kusoma kilichofundishwa. Za Hisabati zilibaki chini kwa sababu hakuwahi kukokotoa.

Sisemi kwamba programu za aina ya pili hazina faida. Photomath, kwa mfano, huonyesha hatua moja baada ya nyingine, na mwanafunzi aliyekwisha kuhangaika na swali mpaka akakwama anaweza kuitumia kutafuta mahali alipoteleza. Lakini hilo lahitaji nidhamu ambayo hata sisi watu wazima hatuna, na kwa mtoto wa miaka 15 mwenye kazi ya kukusanya kesho asubuhi sioni kwamba ni haki kumwachia majaribu hayo. Simu ikirudi, kaeni naye, mumweleze sababu, na aziondoe hizo mbili yeye mwenyewe kwa mkono wake hadi alama za darasani zitakapokaribiana na za nyumbani. Usizifute wewe akiwa amelala, kwa maana atazirudisha kabla jogoo hajawika.

Sasa nieleze zile za kwanza, kwa sababu hapo ndipo penye msaada wa kweli, na nyingi kati yake hazinunuliwi wala hazipakuliwi. Simu nyingi za Android huja nazo. Zimo ndani ya mipangilio, katika sehemu inayoitwa Ufikivu, au Accessibility ikiwa menyu ya simu ni ya Kiingereza. Kuna ukuzaji wa kioo chote, ambao ukishawashwa huweza kufanya kazi kwa kugonga kioo mara tatu kwa kidole kimoja. Kuna kugeuza rangi, ambako maandishi huwa meupe juu ya weusi. Kwa mtu ambaye mwanga humuumiza, badiliko hilo pekee laweza kumwongezea saa nzima ya kusoma kabla macho hayajachoka. Halafu kuna Select to Speak, ambayo husoma kwa sauti sehemu ile tu aliyoigusa. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa binti yako, badala ya TalkBack. TalkBack imetengenezwa hasa kwa asiyeona kabisa: husoma kila kitu kinachoguswa, na hubadilisha namna ya kutumia simu, hata kufungua kitu kukahitaji kugusa mara moja ili usikie na kugonga mara mbili ili kifunguke. Niliwahi kuletewa simu ambayo familia nzima iliamini imepagawa, kumbe mtoto mdogo alikuwa ameiwasha TalkBack kwa bahati mbaya, akivishikilia pamoja vile vitufe viwili vya sauti.

Lugha ya sauti nayo ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Sauti ya Kiingereza ikisoma ukurasa wa somo la Kiswahili hutoa vurugu isiyoeleweka, na ya Kiswahili ikisoma Biolojia hufanya vivyo hivyo. Sauti za Google zipo za lugha zote mbili, kwa hiyo mjomba wake na amwelekeze jinsi ya kuzipakua mapema mahali penye intaneti ya bure, ili baadaye zifanye kazi bila kifurushi. Na kwa kuwa binti yako anasoma kwa lugha ambayo nyumbani haizungumzwi, kusikia neno la Kiingereza likitamkwa huku akiliona limekuzwa ni faida ambayo hata wenzake wanaoona vizuri hawaipati.

Vitabu visikugharimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo, ila mwalimu wake wa taaluma athibitishe ni toleo lipi linalomhusu, kwa maana mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024 na nakala za zamani bado zinazunguka. Shule Direct, ambayo ni ya hapahapa Tanzania, ina notisi za masomo ya sekondari. Baraza la Mitihani nalo huweka katika tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha wanafunzi walikosea wapi na kwa nini, na mimi huziona kuwa na thamani kuliko rundo la mitihani ya nyuma isiyo na maelezo.

Hapa kuna mtego mmoja. Vitabu na notisi nyingi zinazosambazwa kwa simu ni picha za kurasa, na mara nyingi programu ya kusoma kwa sauti haiyaoni maneno yaliyomo ndani ya picha. Njia ya kujua ni rahisi: ashikilie kidole juu ya neno moja. Neno hilo likiwekewa rangi peke yake, ukurasa unasomeka kwa sauti. Lisipochaguka, ni picha, na hapo atahitaji programu inayotambua maandishi kwa kamera, kama Lookout ya Google. Hii hufanya vizuri kwa maandishi ya chapa. Mwandiko wa mwalimu ubaoni huichanganya, hasa wa mwalimu mwenye haraka, kwa hiyo picha za ubao aendelee kuzikuza na kuzisoma kwa macho yake. Vilevile michoro na milinganyo ya Hisabati asiitegemee sauti, akuze.

Mama, ziko hatari mbili, na ya pili ni kubwa kuliko simu. Ya kwanza ni kwamba katika chumba cha mtihani hakuna simu. Upimaji wa Kidato cha Pili ni Novemba, na matokeo yake ndiyo yanayoamua kama ataendelea na Kidato cha Tatu. Siku hiyo hatakuwa na sauti ya kumsomea wala kioo cha kukuza kwa vidole. Atakuwa na karatasi. Kwa hiyo angalau siku mbili kwa wiki afanye mazoezi bila simu kabisa, kwa karatasi iliyokuzwa. Steshenari yoyote mjini yenye mashine ya kutosha hukuza ukurasa wa A4 kuwa A3, na herufi hukua karibu mara moja na nusu kasoro kidogo. Kwa fedha ya tableti ile ungekuza karatasi mpaka mwenye duka akuombe upumzike.

Ya pili ni hii. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa Hisabati ukiwa wa saa 3, hiyo ni saa nzima ya ziada. Lakini haki hii haishuki kutoka mbinguni: shule ndiyo inayotoa taarifa za mwanafunzi wakati wa kusajili watahiniwa. Shule iliyokuambia kwamba sheria ni moja kwa wote inanitia shaka kama iliandika popote kwamba binti yako ana uoni hafifu. Swali lako la kwanza utakapofika ofisini lisiwe simu iko wapi. Liwe hili: je, binti yangu amesajiliwa kwa Novemba kama mtahiniwa mwenye uoni hafifu, na naweza kuliona jina lake? Kama hajasajiliwa hivyo, omba mkuu wa shule awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri siku hiyohiyo.

Usiende mikono mitupu. Kabla ya yote mpeleke binti kliniki ya macho. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa hiyo utaanzia kituo chako cha afya au hospitali ya mkoa ya Sekou-Toure. Uombe waziwazi barua inayotaja neno uoni hafifu, vipimo vyake, na vifaa anavyopendekezewa. Ukiwa huko uliza pia kuhusu darubini ndogo ya jicho moja, ile inayoshikwa mkononi kama tochi, kwa sababu kwa kusoma ubao kutoka kwenye dawati huwa haishindwi na simu, haiingizi ujumbe, wala hakuna mwalimu wa nidhamu atakayeifungia kabatini. Miwani peke yake haitamfikishia uoni wa wenzake hata ikibadilishwa kila mwaka, kwani katika ualbino kasoro iko ndani, katika sehemu ya katikati ya retina ambayo haikukomaa kikamilifu na katika njia za mishipa ya macho kwenda kwenye ubongo. Jambo hilo wafahamishe na walimu, maana wengi hudhani aliyevaa miwani amekwisha kutibiwa.

Ofisini, anza kwa kuomba radhi kuhusu ile siri. Najua hilo litakuuma, lakini wewe na binti mlivunja kanuni iliyokuwa wazi, na mkuu wa shule mwenye mamia ya wanafunzi ana sababu za haki za kuogopa simu. Ukilikiri kwanza, hatakuwa na fimbo ya kukupigia. Kisha eleza unachoomba, na uombe kidogo. Kubwa kati ya unayoyahitaji haligharimu hata senti: kila mwalimu asome kwa sauti anapoandika ubaoni, kama alivyofanya yule wa shule ya msingi, binti akae mbele, lakini asielekee dirisha, maana mara nyingi watoto wenye ualbino huwekwa dirishani kwa nia njema ili wapate mwanga, nao huishia kupofushwa na huo mwanga, na mwalimu wa kila somo amwazime notisi zake au ateue mwenzake mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kumwachia daftari kila Ijumaa. Hilo la mwisho litamwondolea kubembeleza, ambako naamini kunamchosha kuliko kutoona.

Baada ya hayo ndipo uiguse simu. Pendekeza ikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa kila asubuhi ikiwa haina laini, itolewe mwishoni mwa kipindi kwa ajili ya kupiga picha ubao mbele ya mwalimu, irudishwe mezani kwake, na ichukuliwe jioni. Omba iwe majaribio ya muhula mmoja, na iandikwe. Mkuu wa shule huweza kulikubali jambo la majaribio ambalo asingelikubali kama ruhusa ya kudumu, kwa sababu akiulizwa na wakubwa wake ana la kujibu. Akikataa hata hilo, usigombane. Simu ibaki nyumbani, na kila jioni binti apige picha daftari la mwenzake. Faida itapungua, lakini si sana.

Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inayompa mtoto wako haki ya kusoma pamoja na wenzake na kupewa mazingira yanayomfaa. Ijue, uiweke moyoni, na uiache humo katika mazungumzo ya kwanza. Nimeona wazazi wakiingia ofisini na sheria mkononi wakatoka wameshinda hoja na kumpoteza mwalimu, naye mwalimu ndiye atakayekuwa na mtoto siku tano kwa wiki.

Kama shule ina chumba cha kompyuta, mdokeze mkuu wa shule mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti ya leseni. NVDA ni programu ya bure ya kusoma kioo cha kompyuta za Windows kwa sauti. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye yeye mwenyewe haoni. Kolibri nayo huhifadhi masomo ndani ya kompyuta moja, na nyingine zikayapata bila intaneti. Utakuwa umempa kitu badala ya kumwomba tu, na hilo hubadili hewa ya ofisi.

Tableti usiinunue. Programu 300 hakuna mtoto atakayezitumia, mitihani ya nyuma inapatikana bila kulipa chochote, na kifaa kikubwa cha kung'aa kitaleta ugomvi uleule shuleni, tena kwa sauti zaidi. Malipo yenyewe hayalingani na kazi yako: anataka 50,000 kila mwezi wa kalenda, wakati wewe hupata kwa mwezi wa angani. Ukikosa awamu moja atakuja kuichukua, na zile 150,000 hatazirudisha.

Kuhusu baba yako, msalimie, umwambie kwamba hofu yake ni ya babu mwenye mapenzi lakini imeelekea mahali pasipo na adui. Mwanga wa kioo cha simu hauharibu macho ya mjukuu wake, wala kukishika karibu na pua hakumdhuru. Kwa mwenye uoni hafifu, kusogeza kitu karibu ndiyo njia ya asili ya kukikuza. Macho yatachoka na kukauka akikodoa bila kupepesa, basi apumzike kidogo kila baada ya dakika ishirini hivi, atazame mbali ziwani, kisha aendelee. Usingizi ndio wa kuulinda: saa nne usiku simu ilale chumbani kwako.

Kama babu anatafuta mwanga wa kuogopa, uko juu ya vichwa vyenu mchana kutwa. Hukuniambia kama binti hukusaidia kuanika siku za Jumamosi, ila nimeishi na watu wa mwaloni na ninajua kwamba mtoto wa mwanika dagaa huwa hakosi mchangani. Mchanga na maji hurudisha mwanga wa jua usoni kutoka chini, hata aliyevaa kofia humpata. Mpangie kazi za kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, mikono mirefu na kofia pana, na huko kliniki uulizie mafuta ya kujikinga na jua. Yapo ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ngozi yake inahitaji ulinzi huo kila siku, awe na mtihani au asiwe nao.

Nimeliacha mwisho lile la hatua za njiani kwa kuwa sitaki lichanganywe na masomo. Ukiliingiza katika ombi lako la simu darasani, mkuu wa shule atasikia mzazi anayetaka kumpigia mtoto saa za vipindi, na ombi lote litaanguka. Nunua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, cha bei ndogo kisicho na kamera, binti akiache asubuhi kwenye duka la mtu unayemwamini karibu na shule na kukichukua akitoka. Panga pia atembee na wenzake wawili wa njia yenu, na ikiwezekana mzazi mmoja ambaye hurudi kutoka sokoni saa hizo. Wazazi wa Igombe wanaojua unachokiogopa ni wengi kuliko unavyodhani, na sidhani kama yupo atakayekataa.

Siku ya kwenda shuleni chagua katikati ya wiki, saa za asubuhi baada ya vipindi viwili vya kwanza, na mchukue binti mwingie pamoja. Chukua karatasi moja ya mtihani ya kawaida na nakala yake ya A3. Mkuu wa shule akiuliza tatizo ni nini, umwachie binti amsomee ya kwanza, kisha ya pili.